Tusome orodha ya vyakula kabla ya kuagiza

Wahenga walinena kwamba mla ni mla leo, mla jana kala nini? Mbele ya walimwengu kauli hiyo ina ukweli wake, maana hakuna aikumbukaye karamu uliyoketi juzi. Mbele ya mwili, hata hivyo, haina nguvu hata kidogo. Mwili ni karani asiyesahau. Kila chembe ya chumvi, kila tone la mafuta na kila kijiko cha sukari huandikwa katika daftari lake, na siku ya hesabu ikiwadia hausikilizi udhuru wa mtu yeyote.

Nimeshika kalamu kuhusu jambo hili kwa sababu kila muhula unapokaribia ukingoni, sisi walimu wa Nakuru na maeneo ya karibu, kuanzia Molo na Njoro hadi Gilgil na Naivasha, tuna desturi ya kuketi pamoja mezani kabla ya kuagana. Wanafunzi wa vyuo nao hufanya vivyo hivyo wanapohitimu au mmoja wao anapopata kazi. Sina ugomvi na desturi hiyo, kwa maana kula pamoja ni sehemu ya utu wetu. Lakini nimehudhuria pia harambee nyingi mno za kugharimia matibabu ya walimu wenzangu, watu wa makamo waliopatwa na kiharusi au ambao figo zao zimekataa kufanya kazi, hata siwezi tena kuutazama mlo wa hotelini kama jambo la ladha peke yake.

Hofu yangu haikutokana na harambee hizo tu. Mwaka 2015 Serikali ya Kenya ilifanya uchunguzi wa kitaifa kuhusu magonjwa yasiyoambukiza miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 18 hadi 69. Ilibainika kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo hilo katika maisha yao. Isitoshe, takriban asilimia 94 hawakuwa wakila matunda na mboga kwa kiasi kinachopendekezwa. Takwimu hizo zinamhusu mwalimu anayesimama mbele ya ubao sawa na zinavyomhusu mkulima na mwendeshaji wa matatu.

Nimechagua kuanza na mkahawa wa Kichina, na nina sababu. Tangu Nakuru ilipopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, orodha za vyakula katika hoteli zetu zimezidi kurefuka. Hata katika hoteli ambazo hazina Mchina jikoni, utakuta wali wa kukaanga, tambi za mboga, na kuku aliyezamishwa katika mchuzi mtamu wenye uchachu. Wachina wenyewe si wageni tena katika eneo hili. Chuo Kikuu cha Egerton, pale Njoro, kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Nanjing kuendesha Taasisi ya Confucius, ambamo vijana wetu wamejifunza Kichina. Reli ya kisasa kutoka Nairobi, iliyofika upande wa Naivasha mwaka 2019, ilijengwa na kampuni ya Kichina. Si ajabu basi kwamba vijana wanapotaka kubadilisha ladha baada ya ugali na sukuma wiki wa mwaka mzima, hukimbilia sahani ya tambi.

Kuhusu chakula hicho, nimesikia makundi mawili yakibishana. Kundi la kwanza hudai kwamba chakula cha Kichina ni mboga tupu, na kwa hivyo mtu anaweza kula ashibe, aongeze na asidhurike. Kundi la pili hudai kwamba ni sumu, kwa sababu ya unga mweupe wa kuongeza ladha unaotiwa na wapishi. Naona makundi yote mawili yamekosea, na makosa yao yanafaa kuchambuliwa moja baada ya jingine.

Tuanze na kundi la pili. Unga huo huitwa monosodiamu glutameti. Aliyeutambua ni mwanasayansi wa Japani, Kikunae Ikeda, mwaka 1908, alipokuwa akichunguza asili ya ladha nzuri ya supu iliyopikwa kwa mwani. Mwaka 1968, daktari aliyeitwa Robert Ho Man Kwok aliliandikia barua jarida la tiba la New England Journal of Medicine, akieleza kwamba alihisi ganzi shingoni, udhaifu na mapigo ya moyo kwenda mbio kila alipokula katika mikahawa ya Kichina huko Marekani. Alitaja mambo kadhaa yaliyoweza kuwa chanzo, ukiwemo mchuzi wa soya, mvinyo wa kupikia na unga huo. Walimwengu wakaushika unga pekee na kuyasahau yale mengine. Tangu wakati huo watafiti wameufanyia majaribio mengi, na hawajapata ushahidi thabiti kwamba unawadhuru watu kwa ujumla unapoliwa kwa kiasi cha kawaida. Mwaka 1987 kamati ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaochunguza viungo vinavyotiwa katika vyakula haikuona haja ya kuuwekea kipimo cha mwisho kwa siku.

Ajabu ni kwamba aghalabu anayeuogopa unga huo hana hofu yoyote ya chumvi, ambayo madhara yake yamethibitishwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Hiyo ni chumvi yote ya siku: ya mayai ya asubuhi, ya mboga za mchana, ya mkate na ya kachumbari. Mchuzi wa soya, ule mweusi unaowekwa mezani katika chupa ndogo, una kiasi cha gramu 2 na zaidi za chumvi katika kijiko kimoja kikubwa. Mpishi akitia vijiko vitatu katika sahani ya tambi, mlaji amekwisha kuvuka mpaka wa siku nzima kabla hajanyoosha mkono kuichukua chupa hiyo ili aongeze. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha chumvi hujazwa upesi kuliko tudhanivyo.

Kundi la kwanza nalo limeona mboga likasahau karai. Ni kweli kwamba mapishi ya Kichina yana hekima kubwa. Mboga hukatwa vipande vyembamba, zikakaangwa kwa moto mkali kwa dakika chache tu na mafuta kidogo, zikaiva bila kupoteza rangi wala kurojeka. Samaki hupikwa kwa mvuke pamoja na tangawizi na majani ya vitunguu, bila hata tone moja la mafuta ya kukaangia. Katika nyumba nyingi za Wachina, chakula cha kila siku ni wali mweupe usiotiwa chumvi, mboga kwa wingi, na nyama kidogo ya kuleta ladha.

Lakini chakula cha nyumbani na chakula cha hotelini ni mambo mawili tofauti, huko China sawa na hapa kwetu. Yule kuku wa mchuzi mtamu hukatwa vipande, akaviringishwa katika unga, akadidimizwa katika mafuta yanayochemka, kisha akamwagiwa mchuzi wa siki, nyanya na sukari uliofanywa mzito kwa wanga wa mahindi. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia hubeba kalori 120 hivi, na ule unga uliomzunguka kuku hunywa mafuta kama sifongo. Wali wa kukaanga nao ni wali mweupe uliovishwa mafuta na chumvi. Mwenye kisukari anayedhani ameagiza kuku na mboga huwa ameagiza pia sukari na wanga ambavyo jicho halikuviona.

Kutokana na hayo, ndugu msomaji, ninasema kwamba kuchagua chakula ni somo la ufahamu. Sisi walimu huwafunza wanafunzi wetu kusoma kifungu, kutambua neno lenye uzito na kubaini lililofichwa nyuma ya maelezo. Orodha ya vyakula ni kifungu kama vifungu vingine. Neno "kukaanga" lina maana mbili: kukaangwa haraka kwa mafuta kidogo, na kudidimizwa katika mafuta mengi. Ikiwa orodha haifafanui, mwulize mhudumu. Maneno "kavu na yenye kuvunjikavunjika" yana maana ya mafuta mengi. Neno "tamu" mbele ya mchuzi lina maana ya sukari. Maneno "kwa mvuke", "ya kuchemsha" na "supu ya mboga" kwa kawaida huelekeza kwenye mafuta machache, ijapokuwa supu nayo yaweza kuwa na chumvi nyingi. Methali hutuonya kwamba mchagua nazi hupata koroma. Katika jambo hili, asiyechagua ndiye apataye koroma.

Baada ya kusoma, yafuata matendo, nayo si magumu. La kwanza ni kuagiza kwa pamoja. Kwa desturi ya Wachina, vyakula huwekwa katikati ya meza, na kila mtu akawa na bakuli lake dogo la wali. Sisi huagiza kila mtu sahani yake iliyofurika, kisha tukaona haya kuibakiza. Walimu sita wakiagiza vyakula vinne, viwili vikiwa vya mboga, kimoja cha samaki au kuku, na kimoja tu cha kukaangwa kwa mafuta mengi, kila mmoja ataonja kila kitu bila kulemewa na chochote. Mfuko pia utashukuru, hasa tarehe za katikati ya mwezi.

La pili ni kuagiza wali mweupe badala ya wali wa kukaanga. Michuzi ina chumvi na mafuta ya kutosha, na wali usiotiwa kitu ndio unaoyapunguza makali yake. La tatu ni kuomba mchuzi uletwe kando, katika kibakuli, ili mlaji achovye kwa kiasi anachotaka. Mpishi aliyepika kwa mchuzi mdogo hawezi kushindwa kuuongeza, lakini aliyekwisha kuumwaga hawezi kuuondoa. Kuuliza si ujinga, na mteja anayelipa hana sababu ya kuona haya mbele ya mhudumu.

La nne linahusu kinywaji. Chupa ya soda ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, kiasi cha vijiko saba au vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari tunayotia katika vyakula na vinywaji isizidi kiasi cha gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na linaongeza kwamba itakuwa bora zaidi ikishuka hadi 25. Chupa moja tu imekwisha kulivuka lengo hilo la pili. Katika mkahawa wa Kichina, kinywaji cha asili ni chai isiyo na maziwa wala sukari. Nasi tunaishi jirani na mashamba ya chai ya Kericho, katika nchi inayoongoza ulimwenguni kwa kuuza nje chai nyeusi. Itakuwa aibu tukikataa chai mezani na kuagiza maji yenye rangi.

La tano ni usalama wa kiporo. Wengi wetu hupenda kufungiwa chakula kilichobaki tukawapelekee watoto, na hilo ni jema kwa kuwa kutupa chakula ni dhambi. Hata hivyo, wali uliopikwa ukaachwa mezani usiku kucha ni hatari. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili moto wa kupikia, kisha huamka wali unapopoa polepole na kutoa sumu ambayo hata kupashwa moto hakuiondoi. Wali wa kwenda nao nyumbani na uliwe upesi, au uwekwe mahali pa baridi mara moja, au uachwe.

Huenda msomaji akaniuliza: mbona unawaandama Wachina, hali sisi wenyewe tuna chipsi kila kona? Swali hilo ni la haki. Viazi vya Molo na Mau Narok ni chakula bora vinapotoka shambani. Vikichemshwa, gramu 100 hazifikii kalori 90. Vikikatwa na kukaangwa vikawa chipsi, uzito ule ule hubeba mara tatu hivi ya kiasi hicho, kwa maana maji yametoka na mafuta yameingia. Juu yake tunanyunyiza chumvi, tunamimina sosi ya nyanya yenye sukari, kisha tunateremsha kwa soda. Mwanafunzi anayekula hivyo kila siku saa saba mchana kwa sababu ndicho chakula cha haraka na cha bei nafuu karibu na chuo, anaumia kuliko mwalimu anayekula tambi mara moja kwa muhula. Nyama choma nayo ni njema kwa kiasi, lakini meza yenye kilo mbili za mbuzi na kipande kimoja cha nyanya kwa watu wanne imepotoka. Kanuni nilizozitaja zinafaa katika hoteli ya Mchina, ya Mhindi, ya Mswahili na katika kibanda cha kando ya barabara.

Ni lazima pia tuwe wakweli kwamba uchaguzi haumo mikononi mwa mlaji peke yake. Mtu hawezi kuchagua kisichokuwemo katika orodha. Eneo letu ni ghala la mboga: kabichi, karoti na njegere hutoka Njoro, Bahati na nyanda za Mau kwa malori. Karibu kila kitu anachohitaji mpishi wa Kichina, kuanzia vitunguu na pilipili hoho hadi mayai na kuku, hupatikana katika masoko ya Nakuru. Hata hivyo, katika hoteli nyingi mboga huletwa kama pambo pembeni mwa sahani. Wenye hoteli wanapaswa kufahamu kwamba mteja mwenye shinikizo la damu naye ana fedha. Wakiandika katika orodha zao ni chakula kipi kimepikwa kwa mafuta machache, na kipi kinaweza kupikwa bila chumvi ya kuongezwa, hawatapoteza biashara. Vyama vya walimu na vya wanafunzi vinapokodi ukumbi kwa karamu, navyo vina uwezo wa kudai hivyo, kwa kuwa mteja wa watu 50 husikilizwa kuliko mteja mmoja.

Shule nazo zina wajibu wao. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, sayansi kimu ilifunzwa katika shule za msingi, na wengi tulijifunza humo kupanga mlo kamili. Mtaala wa umilisi umetoa nafasi kwa mafunzo ya lishe. Wizara ya Afya nayo ilitoa mwaka 2017 mwongozo wa kitaifa kuhusu ulaji bora na mazoezi ya mwili. Kilichobaki ni kuyatoa maarifa hayo daftarini na kuyafikisha mezani. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwaomba wanafunzi wakokotoe chumvi iliyomo katika mlo mmoja. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuleta darasani orodha ya vyakula ya hoteli na kuigeuza zoezi la ufahamu na msamiati. Mwalimu wa sayansi anaweza kuonyesha kwa karatasi ya kawaida jinsi kipande cha chipsi kinavyoacha doa la mafuta kuliko kiazi cha kuchemsha. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji bajeti mpya wala idhini ya wakubwa.

Aidha, ningependa kila shule itenge siku moja katika muhula, walimu na wafanyakazi wote wapimwe shinikizo la damu. Kipimo chenyewe huchukua dakika chache na hakina maumivu. Ikiwa zaidi ya nusu ya watu wazima waliohojiwa mwaka 2015 hawakuwahi kupimwa, basi wamo walimu wanaotia mchuzi wa soya bila kujua kwamba mishipa yao imekwisha kulemewa. Mtu hawezi kuchagua vyema akiwa hajui anachojikinga nacho.

Sisemi kwamba tuache kwenda hotelini, wala kwamba mtu aketi mbele ya sahani akihesabu chembe za wali huku wenzake wakicheka. Furaha ya meza ni dawa pia. Ninachosisitiza ni kwamba dakika mbili za kusoma orodha na swali moja kwa mhudumu ni gharama ndogo mno zikilinganishwa na miaka ya kumeza vidonge, au na bahasha ya harambee inayopitishwa katika chumba cha walimu. Muhula huu, kabla kamati ya karamu haijaagiza chochote, na impe mmoja wetu kazi ya kuisoma orodha kwa sauti, na meza nzima iamue.